Kabu ya Umm Majid na Ngazi Yangu

Kuna video inazunguka, fupi tu, hata nusu dakika haifiki, inaonyesha tundu la mraba kwenye sakafu ya nyumba, na chini kabisa ya tundu hilo amesimama mtu aliyevaa helmeti nyeupe, amelowa kuanzia kichwani mpaka kifuani, anaangalia juu mdomo wazi, huku sauti ya mzee asiyeonekana ikipiga kelele "Mafi daraj! Mafi daraj!", yaani hakuna ngazi, hakuna ngazi. Kama uliiona ukacheka, sina kinyongo na wewe. Yule mtu ni mimi. Kwa miezi kadhaa nimekana (jamaa zangu wa mtaani kwangu Ruwais niliwaambia ni Msudani mmoja tunayefanana naye, na wao wakanyamaza kwa heshima, lakini nyuso zao zilisema mengine), ila leo nimeamua kuisimulia mwenyewe toka mwanzo, maana wanaoisimulia wanasema nilisahau kujenga ngazi, na hilo nalikataa kabisa. Ngazi niliijenga. Tena nzuri.

Mimi ni injinia wa ujenzi, mtu wa Tanga, nafanya kazi Jeddah kwenye ofisi ndogo ya wahandisi ambayo mkuu wake ni Mmisri mtu mzima tunayemwita Bashmuhandis, ndivyo Wamisri wanavyomwita injinia wa kuheshimiwa, na yeye hata mkewe akipiga simu humwita hivyo hivyo. Mkataba wangu ulikuwa unakaribia kwisha na ikama yangu, yaani kibali cha kuishi nchini, inaning'inia kwenye mkataba huo huo, kwa hiyo siku Bashmuhandis aliponiita akaniambia, "Hatibu, kuna kazi ndogo, ifanye peke yako mwanzo mpaka mwisho, nikuone," nilielewa mara moja kwamba huo ni mtihani.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kulikuwa na bwana mmoja anaitwa Majid, anaishi Jeddah, na mama yake, Umm Majid, yuko Riyadh, mjane, anakaa kwenye nyumba ya kiwandani, zile zinazotengenezwa zikaja zimekamilika juu ya trela na milango yake na madirisha yake, zikawekwa chini zikakaliwa. Marehemu mumewe alipewa nyumba ile na kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi, watoto wamezaliwa humo, na sasa eneo lote lile la kampuni linasafishwa na kila aliyebaki anaambiwa aondoke. Majid alitaka mama aje kukaa naye kwenye fleti yake ghorofa ya nne. Mama akasema yeye hawezi kukaa hewani. Wakabishana mwaka mzima, mwisho mama akatoa sharti: nitakuja Jeddah nyumba yangu ikija, na chini yake mnichimbie kabu.

Kabu ni chumba cha chini ya ardhi. Nyumba ya baba yake Umm Majid, alipokuwa mtoto, ilikuwa nacho, wanashuka mchana wa joto wanalala kwenye ubaridi, na yeye amekitamani maisha yake yote. Akasema pia hataki mlango wa nje, mchanga utaingia na nge wataingia, anataka kushuka kutokea ndani, kwenye kile chumba kidogo cha stoo, akiwa na kandambili zake miguuni. Kwa hiyo mambo mawili: msingi wa kubeba nyumba iliyokwisha kujengwa, na ngazi inayotokeza pale pale penye stoo.

Nilifurahi mno. Mimi toka utotoni ni mtu wa kuchungulia chini ya vitu (mama yangu anasema nikiwa na miaka minne niliivunja redio ya jirani nikitafuta anayesoma taarifa ya habari), na nyumba iliyosafiri karibu kilomita elfu kuja kukaa juu ya shimo nililolichora mimi ilikuwa inaninyima usingizi kwa furaha.

Nikaenda Riyadh kuipima. Nililala Manfuha kwa jamaa yangu mmoja wa Pangani, asubuhi nikachukua teksi mpaka kwa Umm Majid. Mlango akafungua dada Mwende, Mkenya, Mkamba, aliyefanya kazi kwa yule mama miaka saba, msichana mwembamba mwenye sauti inayosikika nyumba ya tatu. Aliposikia nazungumza Kiswahili akapiga kofi moja kwa furaha.

"Injinia ni mtu wetu! Karibu, karibu, ingia ndani uone nyumba. Madam amelala lakini amesema nikuonyeshe kila kitu."

Na hapa ndipo. Ukiniuliza mambo yaliharibikia wapi nitakuambia hapa hapa, mlangoni, saa tatu asubuhi. Nilitazama viatu vyangu vina vumbi, nikatazama zulia safi, nikamfikiria yule mama amelala, nikaona haya kidogo, halafu juu ya haya nikaongeza majivuno, nikasema, "Hapana dada Mwende, ya ndani hayanihusu. Mzigo wote wa nyumba unashukia chini. Mimi nataka kuiona chini."

"Chini kuna nini?"

"Chini ndiko kwenye ukweli," nikamwambia. (Wallahi nilisema hivyo. Kwa sauti.)

Nyumba ilikuwa imeinuliwa juu ya vigingi vya zege, nafasi ya kama nusu mita na ushei hivi. Nikalala chali, nikajiburuta kwa mgongo mpaka katikati, tochi kichwani, tepu mkononi, karatasi nimeibana kwenye ubao nimeishika juu ya uso wangu, na pale nikawa kama mtoto sikukuu. Niliona vyuma viwili virefu vinavyobeba nyumba nzima, nikaona vyuma vidogo vinavyokatiza, mabomba ya choo upande mmoja, bomba la jikoni upande wa pili, nikaona hata jina la fundi limeandikwa kwa kalamu ya rangi kwenye chuma kimoja, na nikawaza sana fundi huyo ni nani na alikuwa na haraka gani, maana aliandika nusu akaacha. Kila nilichokiona nilikichora pale nilipokiona. Kilicho upande wa mkono wangu wa kushoto nikakichora kushoto mwa karatasi, cha kulia nikakichora kulia. Ningekichora vipi tena?

Kitu kimoja tu sikuweza kukiona kwa chini, nacho ni stoo. Nikapaza sauti, "Dada Mwende! Nenda kasimame stooni upige kisigino nisikie!"

Akaenda. Du, du, du, juu ya sakafu.

"Hapa ndio stoo, injinia! Umesikia?"

"Nimesikia!" Nikaweka alama ya msalaba kwenye karatasi. Nikapima toka ukutani mara mbili kuhakikisha. Nikatoka na vumbi mpaka masikioni, nikanywa chai yake ya tangawizi nikiwa nimesimama hapo hapo nje, nikarudi Jeddah nimeridhika na nafsi yangu.

Miezi iliyofuata nilifanya kazi kama mtu anayejenga msikiti. Nilikuwa na hofu moja tu, maji. Mimi naishi Ruwais, karibu na bahari, nimeona kule watu wakichimba shimo la kupanda mti tu linajaa maji ya chumvi, kwa hiyo ingawa kiwanja cha Majid kilikuwa mbali, mashariki ya mji kuelekea vilimani, maji niliyawaza mchana na usiku. Nikapima udongo kina hiki na kina kile, nikaweka kuta nene, nikapaka lami ya kuzuia maji nje tabaka juu ya tabaka, nikaweka kishimo cha pampu pembeni, na mafundi wakanitania kwamba nimejenga manowari. Majid nilimwonyesha mchoro, akautazama kama mtu anayetazama eksirei ya mgonjwa asiyemjua, akasema mashallah. Bashmuhandis akapitia mahesabu yangu yote, akatia saini. Kule Riyadh fundi wa wenye trela akakata tundu kwenye sakafu ya stoo, akalifunika na ubao, trela ikaondoka.

Siku moja kabla ya nyumba kuwekwa, Umm Majid na Mwende walifika kwa ndege. Majid akawaleta kiwanjani waone. Yule mama mwenyewe alibaki kwenye gari kwa sababu ya jua, lakini Mwende alishuka, akaja akasimama ukingoni mwa kabu iliyo wazi, mahali mlango utakapokuwa, akatazama ngazi yangu ya zege iliyopanda vizuri kwenye kona ya kulia nyuma. Akatazama. Akainua mkono wa kushoto, akaushusha, akainua wa kulia, akageuka akatazama barabara, akageuka tena.

"Injinia," akasema, "si stoo iko huku?" Akaonyesha kushoto.

Nikamwambia, "Dada Mwende, ulipiga kisigino mwenyewe."

"Nilipiga, ndiyo. Lakini mimi nikiingia mlangoni na chakula cha madam naenda jikoni hivi," akapinda mkono kushoto, "na stoo iko hapo hapo nyuma ya jikoni. Ama nimechanganyikiwa na ndege?"

Sasa mtu mwenye akili angeenda pale pale kwenye trela, iliyokuwa imeegeshwa mtaa wa pili tu, angefungua mlango achungulie sekunde kumi. Mimi nilimtolea mchoro. Nikamwonyesha alama ya msalaba, nikamweleza kuhusu mizigo na nguzo na vipimo nilivyopima mara mbili, nikaongea kama dakika tano, naye akanisikiliza kwa adabu zote, mwisho akasema, "Sawa basi, mimi sijasomea hayo maneno." Akarudi kwenye gari. Kilichoniuma baadaye ni kwamba nilimwonea huruma.

Siku yenyewe walikuja watu! Majid alialika ukoo. Wajomba, binamu, majirani wa kiwanja kile wasiojua hata nyumba ni ya nani, wote wamekuja kuona nyumba inaruka. Kukatandikwa mazulia chini ya turubai, kahawa, tende, watoto simu mkononi wanarekodi. Kreni ikainua nyumba saa nne asubuhi, ikaning'inia pale hewani na mapazia yake madirishani (nilijiuliza kwa nini hawakuyatoa, baadaye nikaambiwa Umm Majid alikataa), ikashuka taratibu, mlango ukitazama barabara kama tulivyokubaliana, ikakaa juu ya kuta zangu, na haikupishana hata unene wa kidole. Nikaweka pima maji sakafuni, kipovu kikatulia katikati. Watu wakapiga makofi. Umm Majid akainua mikono akaomba dua. Majid akanikumbatia.

Ningeondoka wakati ule ningekuwa mtu mwingine leo.

Lakini kulikuwa na bolti za kufunga nyumba kwenye ukuta kwa ndani, kwa hiyo mimi na mafundi wawili tukashuka kabuni kwa ngazi ya kubebeka kupitia tundu la dirisha dogo la pembeni, na kazi ilipokwisha nikapata wazo. Mafundi watoke walipoingilia, mimi nitapanda ngazi yangu, nisukume ule ubao wa stooni, nitokeze katikati ya familia nikiwa na helmeti yangu, nimkaribishe Umm Majid ashuke kwenye kabu yake. Nikampigia Majid simu, nikamwambia, "Mlete mama, simameni kwenye stoo, msifungue, ngojeni mimi." Nikafunga vifungo vya shati. Nikafuta helmeti kwa kiganja.

Nikapanda. Ngazi kumi na nne. Ya kumi na mbili nikanyoosha mikono nikasukuma ubao, ubao haukwenda. Nikajua umekaza kwa ajili ya safari. Nikasukuma kwa bega. Wapi. Nikachukua nyundo iliyokuwa kiunoni, nikaanza kugonga, kwanza kistaarabu, halafu kwa nguvu, na nikasikia juu yangu kimya, halafu mtu anasema kitu kwa sauti ndogo. Nikafurahi, nikajua ndio hao wananisubiri, nikagonga zaidi, nikasema kwa sauti nzito ya kwenye pango, "Nakuja! Nakuja!"

Huku nikigonga nikaona kando ya kichwa changu kuna mdomo wa bomba jeupe, wazi, haujaungwa na kitu. Nikasimamisha nyundo. Nikajiuliza, sasa bomba hili linatafuta nini stooni? Na kwa ile tabia yangu niliyowaeleza, nikasogeza uso karibu nikachungulia ndani.

Sasa kule juu, na haya niliyajua baadaye, alikuwako mjomba wa Majid, mzee wa miaka themanini, aliyeona adhuhuri imekaribia akachukua ndoo ya maji akaingia bafuni kutawadha. Amekunja mikono ya kanzu, ameanza bismillahi, mara sakafu chini ya miguu yake inagonga. Akanyamaza. Ikagonga tena, na sauti nzito toka chini ya ardhi ikasema nakuja, nakuja. Mzee anajua bafuni ni mahali pa majini toka zamani, na nyumba hii imeng'olewa kwao ikaletwa kwenye ardhi ya wenyewe, akasema audhubillahi, akatupa ndoo nzima akatoka mbio na kandambili moja.

Maji yote yakaingia kwenye bomba, na bomba likayamimina usoni kwangu. Mimi niliyejenga manowari!

Nilisimama pale nikitiririka, na jamani, wazo langu la kwanza halikuwa aibu, lilikuwa swali. Nilitaka kujua. Bomba la kuoga linafanya nini juu ya ngazi yangu? Nikageuka, na mbali kabisa, mwisho mwingine wa kabu, mita zaidi ya kumi, nikaona mraba wa mwanga unafunguka darini. Familia ilikuwa imechoka kungoja, imeinua ubao. Mwanga ukashuka sawasawa juu ya sakafu ya zege tupu, na vichwa vikaanza kutokeza kwenye tundu, kimoja, vitatu, sita.

Nikashuka ngazi zangu zote, nikavuka kabu nzima polepole huku viatu vikilia chwa, chwa, nikasimama chini ya tundu nikaangalia juu. Niliona uso wa Majid. Niliona uso wa Mwende, ambaye macho yake yalikuwa yameshaelewa. Niliona simu nne. Na yule mjomba, aliyefika mbio toka bafuni kutoa habari za jini, akachungulia katikati ya watu, akaniona, akaona sakafu, na ndipo akapiga ile kelele iliyonifanya maarufu.

Tundu lilikuwepo, ngazi ilikuwepo, na katikati yake nyumba nzima.

Walinitoa kwa tundu la dirisha, kama mzigo. Nikaletwa sebuleni, nikapewa taulo, nikakalishwa mbele ya watu, mchoro wangu ukatandazwa mezani. Hakuna aliyenitukana, na hilo lilikuwa baya zaidi. Walikuwa wanataka kuelewa, na mimi nilitaka kuelewa kuliko wote. Majid akachukua boksi la tishu, akasema hii ndiyo nyumba, akatoboa tundu kwa kalamu kwenye kona, juu mpaka chini, akasema hii ndiyo stoo, akaliweka juu ya mchoro, mlango upande wa barabara. Tundu kushoto nyuma, ngazi kulia nyuma. Binamu akasema kreni bado ipo, tuigeuze nyumba. Akazungusha boksi. Tundu likaja kulia, lakini mbele. Akazungusha upande mwingine, boksi likatoka nje ya kuta. Kila mtu akajaribu mara yake. Jirani asiyehusika akajaribu mara mbili. Hakuna namna nyumba ile ingeweza kugeuzwa ikakaa juu ya ngazi ile, na mimi nilikuwa natazama lile boksi na maji yananidondoka kwenye nyusi, najiuliza nimekosea namba ipi.

Umm Majid akanyoosha mkono, akalichukua boksi, akalipindua, paa chini sakafu juu, akaliweka kwenye mchoro. Tundu likaangukia juu ya ngazi sawasawa.

"Sasa imekaa," akasema.

Ndipo Mwende, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika la kahawa, akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa, "Injinia. Siku ile ulikuwa umelala chali."

Nilichora nikiangalia juu. Kushoto kwangu mimi niliyelala chini kulikuwa kulia kwa nyumba, na kulia kwangu kushoto kwake. Kila namba ilikuwa sahihi, kila chuma kipo mahali pake, ila nilikuwa nimejenga msingi wa nyumba iliyolala kichwa chini, na ingefaa kabisa kama Umm Majid angekubali kutembea darini.

"Anasema nini?" Umm Majid akauliza. Nikamtafsiria mwenyewe, kwa Kiarabu changu cha madrasa, kwamba nilichora nimelala.

"Na huyu," akamwonyesha Mwende, "hakukuambia?"

"Aliniambia, mama. Jana. Na siku ile Riyadh aliniambia niingie ndani."

"Mbona hukuingia?"

Nikasema viatu vilikuwa na vumbi. Hapo ndipo watu walipocheka, ila yeye hakucheka. Alisema, "Nimeacha kaburi la mume wangu Riyadh, nimekuja na nyumba tu. Na hiyo kabu nimeingoja toka nikiwa binti. Nitashukaje?" Akainuka, akaenda akakaa sakafuni ukingoni mwa lile tundu, akawa anatazama chini, na nikaona kwamba kile nilichokuwa nakiita mtihani wangu hakikuwa changu hata kidogo.

Bashmuhandis alikuja alasiri. Alishuka kabuni na taa, akakaa huko karibu saa nzima na makaratasi yangu, akapanda, akakung'uta suruali. "Hesabu zote ni sahihi," akasema. "Ila ni za nyumba nyingine." Nilimwomba aniache nimalize mwenyewe kabla ya kunifukuza. Akasema hajasema atanifukuza, amesema nimalize.

Siku ile ile, kabla ya magharibi, nilivua viatu, nikaingia kwa mlango na Mwende, nikamwambia anionyeshe. Akanionyesha kila chumba, mlango gani unafungukia wapi, mama anakanyaga wapi akiamka, na kwamba hushika ukuta kwa mkono wa kulia maana goti la upande huo lina matatizo. (Hilo la goti, ngazi yangu ya zege ilikuwa na kishikio upande wa kushoto tu. Hata nyumba ingekaa sawa, asingeshuka kwa raha.) Siku kumi na moja baadaye fundi wa kuchomelea akamaliza ngazi ya chuma pale chini ya stoo, vipandio vipana na vifupi, vishikio pande zote mbili. Umm Majid akashuka kwanza, Mwende nyuma yake kashika shuka na mto, mimi nimebaki juu maana sikualikwa. Nilisikia anazunguka huko chini, anagusa kuta. Kisha nyayo zikatulia.

Mwende akatoa kichwa. "Amelala," akasema. "Ameniambia nikuambie baridi ni ile ile ya kwa baba yake. Na ile ngazi nyingine usiivunje, ataweka vyungu vyake vya maua."

Mkataba niliongezewa, mwaka mmoja. Video haijakoma, wiki hii tu imetumwa tena na binamu yangu wa Muheza ambaye hajui ni mimi. Na nadhiri nimeiweka, sichori nyumba ya mtu kabla sijaingia kwa mlango wake nikaongozwa na anayeishi humo, awe tajiri au awe anayemchemshia chai. Juzi nilipelekwa kuona jengo jingine, mtaa ule ule wa kuelekea vilimani, mlango ukafunguliwa na mama mmoja wa Kiethiopia, akaniuliza kwa Kiarabu chake nataka kuanzia wapi. Nikavua viatu nikaviweka pembeni.

"Sijui," nikamwambia. "Tangulia wewe."